Mwisho Alioutunga Hassanali

Picha aliituma Masika mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumlaumu. Alimpiga picha mama mkwe wake, Bi Mize, anarudi mferejini na ndoo kichwani, kanga imemporomoka begani, anacheka mpaka pengo linaonekana. Masika akaona picha nzuri. Akaitia kwenye grupu la ukoo, chini yake akaandika: "Bibi harusi wetu." Grupu lile lina watu arubaini na wawili, wengi wa hapa Mkoani, wengine Mtambile, wengine Unguja na wachache Maskati. Dakika tatu hazikupita kila mtu kashaiona. Ya nne, Suhail kashajibu.

Suhail ni mtoto mkubwa wa Bi Mize. Anauza vipuri vya gari Unguja na ana fleti ghorofa ya tatu. Hakuandika, alituma sauti, taratibu kama mtu anayesoma risala ya harusi. Alimshukuru Mungu kwa kuufichua ukweli kwa picha. Mama yake ana miaka sabini na anachoteshwa maji na watu wenye nguvu zao. Yeye hamlaumu mtu. Jumamosi ya wiki ijayo atavuka bahari kuja kumchukua, na tiketi ya kurudi naye keshakata. Akatuma picha ya tiketi. Halafu, kama hiyo haikutosha, akatuma picha ya choo chake, ukutani marumaru mpaka juu.

Masika alirekodi jibu mara tatu na mara tatu akalifuta. Ukweli ni kwamba maji nyumbani yapo, pipa limejaa. Bi Mize huenda mferejini kwa sababu habari zote za Mkoani zinaanzia pale, na ndoo ni kisingizio tu. Lakini utasemaje mbele ya watu arubaini na wawili kwamba mama mkwe wako anafuata umbea? Bora aonekane anateswa.

Haroub, mume wa Masika, aliipata habari bandarini. Yeye hamali, ana mkokoteni wake, boti ikifika anapakia mizigo ya watu na kuipandisha mlimani. Alirudi mchana, akaisukuma sahani ya muhogo pembeni.

"Kaka keshasema," alisema.

Kwa Haroub maneno hayo yanafunga mjadala. Mabati ya nyumba alinunua Suhail, na kila mvua ikinyesha Suhail hupiga simu kuuliza kama yanavuja. Hayavuji. Anajua hayavuji. Anapiga tu.

Bi Mize mwenyewe alipigiwa simu, akasema, "Inshallah mwanangu." Kisha akaikata, akarudi zake barazani na uso umemshuka. Baraza lile ndiyo maisha yake. Linaangalia njia inayopanda kutoka bandarini, na boti ikishusha watu yeye hukaa anabashiri nani katapika njiani. "Yule wa kanzu ya kahawia katapika mara mbili," humwambia Masika. "Yule mama pale hakutapika, katapikiwa." Masika huenda kuuliza kwa mahamali, na Bi Mize hakosei.

"Ghorofa ya tatu nitaona nini?" alimuuliza Masika jioni ile. "Vipara vya watu."

"Si umkatalie, mama?"

"Mtoto anataka kukutunza, utamwambia hutaki? Huyo atalia. Weye humjui Suhail."

Masika alikuwa na miaka minane ndani ya nyumba ile, na katika miaka hiyo hakuna aliyemcheka wala kumtetea kama Bi Mize. Akienda, Masika atabaki na mume asiyezungumza na mabati yasiyovuja.

*

Sasa, grupu lile kila Ijumaa baada ya alasiri lina mchezo wake. Ni maswali ya filamu na tamthilia: nani kamuua nani, mtoto ni wa nani hasa, yule mwenye kovu alisema nini alipofungua mlango. Mwamuzi ni Kauthar, binti ami yao aliyeolewa Maskati, mkali kama mwalimu wa chuo cha Kurani. Anayeuliza humtumia Kauthar jibu na ushahidi mapema, kwa siri. Anayejibu hujibu kwa sauti, na dakika moja tu, ili mtu asipate nafasi ya kutafuta mtandaoni. Kuandika marufuku. Ukifuta sauti yako, umeshindwa.

Suhail alikuwa hajafungwa wiki ya sita. Kwenye simu alishabadilisha jina, anajiita Bingwa.

Masika alifikiri siku mbili. Siku ya tatu, anakuna nazi, akaiacha mbuzi, akafuta mikono, akarekodi mara moja bila kufuta.

"Shemegi Suhail, Ijumaa hii tucheze mie na weye. Ukinishinda, njoo umchukue mama, nguo zake nitazipanga mwenyewe. Nikikushinda, mama anabaki kwake mpaka atake mwenyewe."

Suhail alijibu kwamba mama si mbuzi wa kushindaniwa. Lilikuwa jibu zuri, na angeishia pale hadithi ingekwisha. Lakini Ahmada wa Mtambile, mwana ami yao, mtu asiye na kazi na mwenye bando kila siku, akatuma picha ya kuku kaingiza kichwa chini ya bawa. Akafuata mwingine na kuku. Ikawa kuku tupu. Maghribi haijaadhiniwa, Bingwa kakubali.

Haroub aliporudi alikuwa keshasikia kila kitu kwa mahamali wenzake, ambao nao walikuwa wanampigia sauti za kuku.

"Umemtia mama yangu kamari," alimwambia mkewe.

"Sikuweka pesa."

"Umeweka mama."

"Niacheni," Bi Mize alisema kutoka barazani. "Tangu nizaliwe sijapata kushindaniwa. Hata baba yenu Silima, Mungu amrehemu, alinipata peke yake, hapakuwa na mwengine anayetaka."

*

Alhamisi Masika akaanza kuogopa. Maswali ya tamthilia za Kituruki na Kikorea alikuwa nayo, lakini Suhail naye anaangalia kila kitu, duka lake lina televisheni kubwa kuliko kaunta. Alitaka swali moja la kumvunja. Bi Mize akamwambia, kama anayesema habari ya chumvi, "Mtoto huyo filamu kasomea wapi? Nenda kwa mwalimu wake."

Mwalimu wake ni Mzee Hassanali, muuza misumari, rangi na kamba, duka lake katikati ya mlima wa bandarini. Zamani, kabla kila nyumba haijawa na televisheni, Hassanali alikuwa na deki ya video, jenereta na ua nyuma ya duka. Kila Jumamosi alionesha filamu moja ya Kihindi. Yeye alisimama pembeni na fimbo, anaonesha uso wa mtu kwenye kioo na kutafsiri kwa Kipemba, anawapa watu wa Bombay majina ya hapa. Vijana wote wa Mkoani wa wakati ule walisoma pale, Suhail wa kwanza.

Masika alikaribishwa chai na Bi Zohrabai, mke wa mzee, akaeleza shida yake. Hassanali akakuna ndevu, akaanza kutaja filamu ngumu. Bi Zohrabai ndiye aliyecheka, sahani ya maandazi mkononi.

"Muulize miisho, mwanangu. Miisho yote huyu kasema uongo."

"Zohra," mzee alisema.

"Kwani si kweli? Jenereta nilikuwa nazima mimi."

Ikabidi aeleze. Mwaka wa kwanza kabisa alionesha filamu ambayo shujaa anauawa. Watu wakasimama, wakadai viingilio vyao, wakasema hawakulipa kuja kuangalia msiba, misiba wanayo majumbani bure. Mtu mmoja akavunja benchi. Tangu siku ile, filamu ikiwa na mwisho mbaya, zikibaki dakika kumi Hassanali anakohoa mara mbili. Bi Zohrabai, nyuma ya ukuta, anazima jenereta. Mzee anawaambia watu mashine imeharibika lakini wasijali, yeye anaijua filamu, atawasimulia. Na anawasimulia mwisho wake mwenyewe. Waliokufa wakafufuka. Majambazi wote wa Bombay walitubu pale Mkoani, wawili wakenda hija. Watu walitoka wanapangusa machozi ya furaha, wanamshika mkono.

"Na Suhail je?" Masika aliuliza. "Alikuwa anapenda ipi?"

Wazee wakatazamana. Hiyo wanaijua wote wawili. *Gari la Ng'ombe.* Alikuja kuiangalia Jumamosi nne.

Katika filamu ile mtoto mkubwa anamchukua mama yake shamba, anamweka mjini, roshanini. Mama anaumwa, kila siku anaomba arudishwe kwao, na mtoto anasema kesho. Hapo ndipo Hassanali alipokuwa anakohoa. Alivyosimulia yeye, gari la ng'ombe linafika mlangoni, mama anapanda, njiani ng'ombe anagoma, na yule mtoto mkubwa anamfungua ng'ombe, anajivika nira shingoni mwenyewe na kumvuta mama yake mpaka nyumbani.

"Na kwa kweli?"

"Kwa kweli gari linafika," Hassanali alisema, "mama keshakufa kwenye ngazi."

Aliandika jina la Kihindi la filamu kwenye kipande cha mfuko wa saruji, akampa, lakini hakuuachia mfuko. "Jina langu lisitajwe, Masika. Hapa kuna watu watakuja kudai viingilio vya miaka thelathini."

Masika akaapa. Alirudi, akajifungia jikoni, akaitafuta filamu kwenye simu, akaiangalia dakika kumi za mwisho. Bi Mize alipomkuta macho mekundu alisema vitunguu. Siku ile walipika uji.

*

Ijumaa baada ya alasiri Masika alikaa mkekani, Haroub pembeni kama askari, Bi Mize barazani na dirisha wazi ili asikie. Kauthar alifungua kwa salamu na masharti. Maswali sita, matatu kila upande. Wakilingana, aliyepo madarakani anabaki bingwa.

La kwanza Masika aliulizwa rangi ya gari la mkwe katika tamthilia ya Kituruki, akapata. Alimuuliza Suhail pacha yupi ndiye aliyeoa, naye akapata. Wakapata tena wote wawili. Swali la tatu la Suhail lilikuwa baya: sauti ya mtu anapiga chafya, itajwe chafya ni ya nani. Masika alilijua. Ni yule daktari wa Kikorea mwenye mzio wa paka. Watu wakatuma makofi. Tatu kwa mbili, Suhail ana swali moja. Akilipata wanalingana, na mama anaondoka. Akilikosa, anabaki.

Masika alivuta pumzi, akarekodi. Katika *Gari la Ng'ombe*, mama yule ilikuwaje mwisho?

Dakika ni sekunde sitini. Suhail alitumia kumi na mbili. Sauti yake haikuwa tena ile ya risala, ilikuwa ya mtoto wa Mkoani kabisa, inakimbia. "Hiyo hata usingizini. Mama kapanda gari, ng'ombe kagoma, mwanawe mkubwa kajivika nira shingoni akamvuta mwenyewe mpaka kwao. Ulizeni jengine."

Kauthar aliufungua ushahidi aliotumiwa, akauangalia tena. Halafu akasema samahani kaka Suhail, umekosa, mama kafia kwenye ngazi, akaituma na ile sehemu ya filamu yenyewe.

Masika akamtazama mumewe, anangoja afurahi. Haroub kakunja uso. "Lakini kweli alimvuta," alisema.

Hapo Masika akajua kachimba shimo na katumbukia mwenyewe. Grupu likawaka. Ahmada, mwenye kuku, aliapa kwa jina la Mungu kwamba gari lilivutwa, yeye aliliona kwa macho yake mawili, akasahau kwamba siku ile aliona giza na kumsikia Hassanali. Mtu wa Maskati akasema hata wimbo wa wakati wa kuvuta anaukumbuka, akauimba. Hakukuwa na wimbo. Mzee mmoja wa Mtambile, ambaye hakuwahi kusema neno kwenye grupu tangu alipounganishwa, alisema hiyo ya mtandaoni imechezewa, Wahindi wa siku hizi hawana huruma. Kauthar akaitisha kura. Thelathini na moja wakasema alimvuta. Mwisho Kauthar mwenyewe akakiri kwamba kaka zake walimsimulia hivyohivyo, na kwamba amechanganyikiwa.

"Basi aitwe Mzee Hassanali," Suhail alisema. "Aseme mbele ya watu."

Haroub akasimama avae ndara amfuate. Masika akauwahi mlango, akasimama katikati, mikono kwenye fremu. Alimwambia hatoki. Haroub akamuuliza kwa nini. Kusema hawezi, kaapa. Hivyo wakabaki wanatazamana, mume na mke, na simu mkekani inalia kama mzinga wa nyuki.

"Nipeni hiyo," Bi Mize alisema. Kaingia kwa mlango wa uani na hakuna aliyemsikia.

Alikuwa hajapata kutuma sauti hata siku moja. Masika akamshikia kitufe.

"Asalaam alaykum. Mie Mize. Skizeni, nnachoka na kelele zenu. Suhail kapata. Mpeni pointi yake."

Masika akaachia kitufe kwa mshtuko, na ikenda. Bi Mize akamwashiria abonyeze tena.

"Kapata, kwa sababu mie siku hiyo nnaikumbuka. Alikuja nyumbani mbio, ana miaka kumi na miwili, analia. Akachukua kamba ya mbuzi akajifunga hapa kifuani, akanikalisha kwenye jamvi, akanikokota ua mzima mpaka jamvi likachanika. Akanambia mama, mie n'takuvuta hivi hivi. Jamvi lenyewe baba yenu kanigombeza mie." Akaisogelea simu. "Basi pointi ni yako, mwanangu. Mtoto mkubwa kamrudisha mama kwao. Umesema mwenyewe, na watu thelathini na moja wamekushuhudia. Njoo kesho ufanye ulivyosema."

 Hata Ahmada hakutuma kuku. Baada ya muda jina la Bingwa lilionesha kwamba anarekodi, likaacha, likarekodi tena, likaacha. Mwisho ikaja sekunde mbili tu, na ndani yake hapakuwa na neno, mtu anavuta kamasi.

"Nlikwambia huyo analia," Bi Mize alisema, akarudi barazani.

*

Jumamosi boti ilipokaribia, Bi Mize alivaa buibui jipya, akamwamuru Haroub amteremshe bandarini kwenye mkokoteni. Alikalia mkeka, Masika anamshika ubavuni, na mahamali wote wakawapisha kama msafara wa waziri.

Suhail alishuka na begi moja na shati jeupe lenye doa. Alipowaona alisimama katikati ya watu wanaosukumana.

"Mara ngapi?" mama yake alimuuliza, kabla ya salamu.

"Mbili."

"Mie nimebashiri tatu."

"Tatu, mama," Suhail alisema, akainama kumbusu mkono. Tiketi aliitoa mfukoni, akampa Masika bila kumwangalia sana. Kwa chini chini akamwambia kwamba kile choo marumaru zake zinateleza, yeye mwenyewe keshaanguka mara mbili. Masika akasema, "Pole, shemegi," na ilimtoka kwa kweli.

Haroub alikuwa keshautoa mkanda wa kukokotea begani. Aliunyoosha mbele ya kaka yake, yeye ambaye hajapata kumkatalia kitu maisha yake yote, akasema neno moja.

"Haya."

Ule mlima wa bandarini si mchezo. Hatua ishirini za mwanzo Suhail alikwenda vizuri, watu wanapiga makofi. Hatua ya hamsini shati lote limelowa. Mahamali wakaanza kumhesabia, mama yake anamwambia awahi jua, Ahmada katoka Mtambile makusudi, anatembea nyuma na simu juu, anarekodi kwa ajili ya grupu. Haroub alisukuma kwa nyuma kwa siri, kidole kimoja kimoja, kisha mkono mzima.

Mbele ya duka la misumari Suhail akasimama. Alimwona Hassanali kibarazani na fimbo yake, akamsalimia kwa heshima huku anahema.

"Shikamoo, mzee. Si alimvuta?"

Watu wote wakageuka.  Mzee alimtazama yule mtu mzima na mkanda kifuani, akamtazama Bi Mize juu ya mkeka, akatazama nyumba ilipo, bado mbali, kule juu.

"Marahaba," Hassanali alisema, akakohoa mara mbili.

Ndani ya duka, Bi Zohrabai akazima feni.